Kivu: mifupa ya watoto wetu haitajengwa na mkebe wa maziwa peke yake

Katika soko la Birere, mjini Goma, maziwa ya poda hayauzwi kwa mkebe mzima tu. Muuzaji anafungua mkebe mkubwa, anachota kwa kijiko, anafunga katika kasashe kadogo ka plastiki, na kila mama anaondoka na kiasi ambacho mfuko wake unaruhusu. Siku moja nilisimama pale nyuma ya mama mmoja aliyekuja na mtoto wake wa miaka mitatu hivi. Mtoto alikuwa ameshika kikwembe cha mama yake. Miguu yake ilikuwa imepinda kama upinde: visigino vinagusana, lakini kati ya magoti ungeweza kupitisha ngumi mbili. Mama aliomba vijiko vinne. Muuzaji, bila kuulizwa, alimuonyesha maandishi ya Kifaransa kwenye mkebe: maziwa haya yameongezwa vitamini D na kalsiumu juu ya mifupa imara. Mama alitazama miguu ya mtoto, akatoa franka za vijiko viwili zaidi.

Tulitembea pamoja hadi barabarani. Alinieleza kwamba vile vijiko sita ni vya juma zima, na kwamba nyumbani kuna watoto watatu. Maziwa yanaingia kidogo kidogo katika uji wa asubuhi, ili uji uwe mweupe na watoto waupende.

Muuzaji hakusema uongo. Maandishi yaliyo kwenye mkebe ni ya kweli, na maziwa yenye vitamini D ni chakula kizuri. Mimi mwenyewe nikiwa na pesa ninanunua. Lakini tangu siku ile nafikiri kwamba wamama wetu wanauziwa jibu lililotengenezwa juu ya swali la inchi nyingine, na kwamba swali letu sisi watu wa Kivu limebaki bila mtu wa kulijibu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Waganga wanauita kwa Kifaransa rachitisme, tuseme rashitisimu. Ni mifupa ya mtoto anayekua kubaki laini kwa kukosa madini ya kuikaza. Mtoto akisimama, uzito wa mwili wake unaipinda. Wengine miguu inafunguka kama upinde, wengine magoti yanagongana. Vifundo vya mikono vinavimba, na kwenye mbavu unaweza kugusa vinundu kama shanga zilizopangwa. Kifua kikiwa laini, mtoto anapata shida ya kupumua na homa ya mapafu inamshika kwa urahisi. Mtoto mchanga ambaye kalsiumu ya damu yake imeshuka sana anaweza hata kupata degedege, na jamaa watakimbilia kufikiri ni malaria au ni mambo ya ulozi. Kwa msichana kuna hatari nyingine isiyoonekana mapema: mifupa ya nyonga ikijengeka vibaya utotoni, njia ya uzazi inakuwa nyembamba, na miaka ishirini baadaye mtoto wake atakwama wakati wa kuzaliwa. Sisi watu wa mashariki, tunaojua hospitali ya Panzi ya Bukavu inashughulikia wamama wangapi wenye fistula, hatuhitaji kuelezwa sana uzazi uliokwama unamletea mwanamke nini.

Niongeze jambo moja ili wazazi wasiogope bure. Mtoto anapoanza kutembea, miguu kupinda kidogo ni kawaida, na kwa wengi inanyooka yenyewe karibu na miaka miwili. Kinachopaswa kutuamsha ni miguu inayozidi kupinda baada ya umri huo, au mguu mmoja uliopinda kuliko mwenzake, au mtoto aliyefikisha mwaka na nusu bila kutembea, au vile vifundo vilivyovimba. Na tafadhali, tuache kulaumu wamama kwamba walibeba mtoto mgongoni mapema mno. Kikwembe hakipindishi mfupa wenye afya. Bibi zetu walibebwa hivyo hivyo na walipanda milima ya Walungu na Lubero na mizigo kichwani.

Sasa, vitamini D inafanya kazi gani? Tunaojenga nyumba za mawe ya volkano hapa Goma tutaelewa haraka. Vitamini D ni muashi, kalsiumu ni mawe. Bila muashi, mawe yanabaki yamerundikwa kwenye kiwanja, maana mwili unashindwa kuchukua kalsiumu kutoka tumboni kuipeleka kwenye damu na mifupa. Lakini muashi naye, hata awe hodari namna gani, ukimuita kwenye kiwanja kisicho na jiwe hata moja, jioni utakuta ameketi.

Huko ambako wazo la kuongeza vitamini D katika maziwa lilizaliwa, aliyekosekana alikuwa muashi. Marekani ya mwanzo wa karne ya 20, katika miji ya kaskazini yenye moshi wa viwanda na baridi ndefu, watoto wengi walikuwa na miguu iliyopinda ingawa maziwa yalipatikana. Mwili unatengeneza vitamini D wakati jua linagusa ngozi, na kule, miezi mingi ya mwaka, jua liko chini sana na watu wamejifunika nguo hadi masikio. Katika miaka ya 1930 wakaanza kuongeza vitamini D katika maziwa ya kila siku, na rashitisimu ikawa ugonjwa wa nadra. Finland, inchi ya mbali kabisa kaskazini, ilianza mwaka 2003, kisha mwaka 2010 ikaongeza kipimo mara mbili. Kwao ni akili kabisa. Mtoto wa kule anakunywa glasi za maziwa kila siku, na wakati wa baridi jua lake halina nguvu ya kumpa vitamini.

Goma iko chini ya digrii mbili kusini mwa ikweta. Bukavu iko kwenye mbili na nusu hivi. Miji yote miwili imepanda kwenye mwinuko wa karibu mita 1500. Jua letu lina nguvu ya kutengeneza vitamini D mwaka mzima, hata msimu wa mvua, mawingu yakifunguka. Kwa hiyo, mtoto wa miaka mitatu anayecheza inje kila siku na miguu yake imepinda, kabla ya kusema amekosa vitamini D, ingefaa tumuulize mama yake mtoto anakula nini.

Swali hili waganga wa Nigeria waliliuliza kabla yetu. Katika mji wa Jos, wenye jua kama la kwetu, watoto walikuwa wanafika hospitali na rashitisimu. Munganga Tom Thacher na wenzake waligundua kwamba watoto hao walikuwa wanapata karibu miligramu 200 tu za kalsiumu kwa siku. Waligawa watoto 123 katika makundi matatu: wengine vitamini D peke yake, wengine kalsiumu peke yake, wengine vyote viwili. Matokeo yalitoka mwaka 1999 katika jarida la waganga la New England. Baada ya miezi sita hivi, waliopona vizuri katika kundi la vitamini D peke yake walikuwa 19 kwa mia. Kundi la kalsiumu peke yake, 61 kwa mia. Waliopewa vyote viwili, 58 kwa mia.

Soma tena tarakimu hizo polepole. Muashi alikuwepo tangu mwanzo. Mawe ndiyo yalikosekana.

Simaanishi kwamba Kivu ni Jos. Lakini angalia sahani ya mtoto wa Kivu. Asubuhi ni chai ya rangi na andazi, au uji wa mahindi. Mchana bugali ya muhogo na sombe, au maharagwe. Jioni ni bugali tena, kama ipo. Unga wa muhogo na wa mahindi una kalsiumu kidogo sana, na katika nafaka na maharagwe kuna kitu kinachoitwa fitati kinachoshika hata ile kidogo na kuizuia isiingie mwilini. Wataalamu wa inchi nyingi walioandika mwongozo wa rashitisimu mwaka 2016 walisema hivi: mtoto aliyepita mwaka mmoja akipata chini ya miligramu 300 za kalsiumu kwa siku, yuko katika hatari, akipita 500, hapo ni sawa. Kuna watoto wangapi huku kwetu wanaofikia hizo 300?

Turudi kwenye vijiko sita vya Birere. Kijiko kidogo kinabeba gramu 5 hivi za maziwa ya poda. Sita ni gramu 30, ndani yake kuna karibu miligramu 270 za kalsiumu. Kama mtoto mmoja angekunywa yote kwa siku moja, ingekuwa kitu cha maana. Lakini gawanya kwa siku saba, kisha kwa watoto watatu: kila mtoto anapata miligramu 13 hivi kwa siku. Na ile vitamini D ya kwenye maandishi? Tuseme mkebe una mikrogramu 7 katika kila gramu 100. Baada ya kugawanya, mtoto anabaki na sehemu moja ya kumi ya mikrogramu. Ule mwongozo wa 2016 unaomba mikrogramu 15 kwa siku kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja. Uji umekuwa mweupe, hilo ndilo lililonunuliwa.

Hapa ndipo ninapokasirika kidogo, nisamehewe. Chakula kilichoongezwa vitamini kinasaidia watu wote pale ambapo watu wote wanakila, na wanakila kwa wingi. Mtoto wa Helsinki anakutana na vitamini D bila kuitafuta. Mtoto wa Kadutu au wa Majengo anakutana nayo ikiwa tu baba ana mshahara, na ikiwa mshahara umeingia. Kuongeza vitamini katika chakula cha wenye uwezo ni kuwaongezea wale ambao tayari wanakula yai na nyama.

Sisi tunalijua jambo hili vizuri kuliko tunavyofikiri. Kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, kilijulikana kwa watafiti wa dunia nzima juu ya ugonjwa wa goita. Watu wa kituo cha Lwiro walivuka maji kwenda kuusoma, shingo kwa shingo, kijiji kwa kijiji. Kilichokosekana ni iyodi. Na dawa iliyochaguliwa kwa inchi nzima haikuwa mkebe wa bei kali. Ilikuwa chumvi, kitu ambacho hata maskini wa mwisho ananunua. Katika miaka ya 1990, wakati serikali ilikuwa inaanguka na Zaire ikielekea vitani, chumvi yenye iyodi iliendelea kuingia katika nyumba nyingi sana. Nani leo, anaponunua chumvi, anafikiri kwamba ananunua dawa?

Basi kama Kinshasa inataka kweli kuongeza kitu katika chakula juu ya mifupa ya watoto, itafute kile kinachofanana na chumvi. Uingereza, tangu miaka ya vita kuu ya pili, inaongeza kalsiumu katika unga wa ngano kwa sheria, na inaendelea hadi leo. Sisi tunakula mikate na mandazi kila asubuhi, kutoka Bunia hadi Uvira, na unga wa ngano unaingia kwa malori na kupita katika mikono ya wafanyabiashara wachache wanaojulikana. Mafuta ya kupikia yanaweza kubeba vitamini D kwa sababu inayeyuka katika mafuta. Hii ni kazi ya wizara, ya PRONANUT na ya OCC, na inadai maabara, sheria na watu wasiohongwa. Najua ninachoomba. Kipimo kikikosewa, vitamini D inageuka sumu: huko Boston, Marekani, karibu na mwaka 1990, kiwanda kimoja cha maziwa kilizidisha kipimo na watu wakalazwa hospitali. Kama ilitokea kule wenye maabara, sisi tunapaswa kuwa waangalifu mara mbili. Na OCC, kabla ya mambo hayo makubwa, ingeweza kuanza na jambo dogo: kuchukua mikebe kutoka Birere na Kadutu, kuipima, na kutangaza kama kilichoandikwa nje ndicho kilicho ndani. Tena kuna poda zinazouzwa kama maziwa lakini mafuta ya maziwa yameondolewa na kuwekwa mafuta ya mimea. Mama anayelipa ana haki ya kujua anachokoroga katika uji.

Wakati tunasubiri Kinshasa (na watu wa Kivu tunajua kusubiri Kinshasa), kuna kitu kiko ziwani.

Sambaza. Samaki huyu mdogo tunamuona kama mtoto wa Ziwa Kivu, ingawa yeye mwenyewe ni mgeni: aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akaipenda nyumba mpya. Analiwa mzima, na mifupa yake, na faida iko humo humo. Gramu 100 za samaki wadogo waliokaushwa, wakiliwa na mifupa yao, zina zaidi ya miligramu elfu moja za kalsiumu. Wale waganga wa Nigeria walirudi kwenye jambo hili. Katika utafiti uliotoka mwaka 2015 waliwapa watoto wenye rashitisimu samaki waliosagwa, wengine unga wa mawe ya chokaa, na njia zote mbili ziliponya mifupa. Samaki waliosagwa! Kitu ambacho mama wa Kituku au wa Minova anaweza kutengeneza kwa kinu chake: sambaza au ndagala zilizokauka vizuri, zinatwangwa na vichwa vyake, zinachekechwa, zinawekwa katika chupa kavu yenye kifuniko. Gramu 20 za unga huo, zikigawanywa katika uji wa asubuhi na sombe ya mchana, zinampa mtoto zaidi ya miligramu 200. Linganisha na zile 13 za kasashe.

(Juu ya chokaa, nisieleweke vibaya. Ile ya hospitali ilipimwa na kusafishwa. Chokaa ya kupaka ukuta haiingii kinywani mwa mtoto. Na ile pemba ambayo wamama wenye mimba wanapenda kutafuna ni udongo tu. Haitajenga mfupa wa mtu yeyote.)

Shida ya sambaza iko mezani kwetu. Katika nyumba nyingi nilizoingia, samaki wanakwenda kwenye sahani ya baba, na mtoto anapewa mchuzi. Kalsiumu haikai katika mchuzi, imebaki katika mifupa. Na mtoto akipewa samaki, mama, kwa upendo, anakata kichwa na kutoa mgongo ili asikwamwe. Anaondoa kile ambacho mtoto alikihitaji zaidi. Kusaga kunamaliza woga huo. Kuhusu sahani ya baba, sina la kusaga. Wababa wenzangu mnaosoma hapa, Primus moja isiyonunuliwa jioni ni sambaza ngapi? Hesabu hiyo kila mmoja afanye na bibi yake, si na mimi.

Sambaza zimepanda bei, najua. Wavuvi wenyewe wanalalamika. Lakini hata kwa bei hiyo, nenda sokoni ulinganishe glasi ya ndagala kavu na vijiko vya poda, ukijua sasa kila kimoja kinabeba nini.

Halafu kuna maziwa yetu wenyewe. Tuliokulia Goma tunakumbuka pikipiki zilizokuwa zinashuka asubuhi kutoka Masisi, zikipita Sake na vidumu vya njano vimefungwa nyuma, na fromaji za mviringo zilizokwenda hadi Kinshasa kwa ndege. Glasi ya maziwa ya ng'ombe ya robo lita ina karibu miligramu 300 za kalsiumu. Mashanza, maziwa yaliyoganda, yana kiasi hicho hicho, na tumbo linaloudhika na maziwa mabichi mara nyingi linayakubali. Maziwa ya Masisi hayana vitamini D ya kuongezwa, ni kweli. Lakini ng'ombe anatoa mawe na jua linaleta muashi.

Ng'ombe hao wako wapi? Tangu vita vya 1993 Masisi haijapata mapumziko marefu. Kila kundi lenye bunduki lililopita kwenye vilima vile lilikula ng'ombe, liliuza ng'ombe, au lilitoza kodi juu ya ng'ombe. Wafugaji walikimbia na makundi yao au bila makundi yao. Mapigano yaliyofikisha vita hadi ndani ya Goma mwishoni mwa Januari 2025 yalipita katika malisho hayo hayo. Leo duka la Goma linauza maziwa ya pakiti kutoka Rwanda na Uganda kando ya mkebe kutoka Ulaya, mita chache kutoka barabara inayopanda kwenye majani mazuri kuliko yote ya eneo hili. Ngambo ya mpaka, Rwanda ilianza mwaka 2006 mpango wa kupa jamaa maskini ng'ombe mmoja mmoja. Wasomaji wengi hawatapenda niuandike mfano huo, nami siuandiki kwa furaha. Nauandika kwa sababu mifupa ya mtoto haijui mpaka.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba afya ya mifupa ni jambo la vitamini tu, namjibu kwamba kizuizi cha barabara kinachotoza kila kidumu cha maziwa kinagusa pia miguu ya watoto. Maziwa yanayolipa kodi tano kabla ya kufika Goma hayawezi kuwa ya maskini. Na maziwa yanayosafiri juani saa nyingi yanachachuka, halafu mchuuzi anaongeza maji ili asipate hasara. Anayenunua ya kidumu ayachemshe vizuri: brusela na kifua kikuu cha ng'ombe si hadithi. Kuchemsha hakuondoi kalsiumu.

Kuna kundi moja ambalo kwalo mimi mwenyewe ninasimama upande wa vitamini D bila kusitasita: watoto wachanga. Maziwa ya mama ni chakula kamili cha miezi sita ya kwanza isipokuwa katika jambo hili moja, yana vitamini D kidogo. Na huku kwetu kwenye baridi, Bukavu, Butembo, Masisi, mtoto mchanga anafungwa mablanketi na kukaa ndani majuma mengi, wakati mwingine kwa kuogopa baridi, wakati mwingine jicho baya, na miaka hii kwa kuogopa risasi. Watoto waliozaliwa chini ya bashi kambini, mama akiwa hana mahali pa kuketi juani kwa amani, tusiwasahau. Yule mwongozo wa 2016 unasema kila mtoto, mwaka wake wa kwanza, apewe mikrogramu 10 za vitamini D kwa siku. Huko Ulaya mama anatoka maternite na chupa ya matone. Hapa, mtoto wa mwenye pesa anayapata kwenye famasi, wa maskini hapati. Hiyo ndiyo vitamini D ambayo ningependa serikali na mashirika wainunue, tone kwa tone, badala ya kutuachia picha ya mtoto anayecheka kwenye mkebe. Na maziwa ya ng'ombe au ya poda yasichukue nafasi ya ziwa la mama katika mwaka huo. Hilo muuzaji wa Birere hataliandika kwenye kasashe.

Juu ya jua lenyewe, wamama wanaambiwa watoe mtoto saa moja asubuhi. Jua la saa hiyo ni tamu kwa ngozi lakini vitamini ndani yake ni haba. Linaanza kuwa na nguvu likipanda, tuseme kuanzia saa tatu na kuendelea. Muda mfupi unatosha, mikono na miguu ikiwa wazi, kichwa kikiwa na kivuli, bila kumuunguza mtoto. Ngozi nyeusi inahitaji muda zaidi kidogo kuliko ile nyeupe iliyo kwenye vitabu vya Ufaransa.

Yule mtoto wa Birere, amechelewa? Kwa miaka mitatu, hapana. Mifupa ya mtoto mdogo ikipata kalsiumu na vitamini D ya kutosha kwa miezi kadhaa, mara nyingi inajikaza na kuanza kunyooka bila kisu. Akifika miaka kumi miguu ikiwa imekomaa katika upinde, hapo ni operesheni, ni vyuma, ni safari ya kutafuta waganga wa mifupa na vituo kama Heri Kwetu ya Bukavu au Shirika la Umoja ya Goma, ambavyo tayari vina kazi kubwa ya waliokatwa viungo na vita. Nilimwambia mama ampeleke mtoto kituo cha afya apigwe radiografi. Aliniambia alishakwenda. Walipima mkono wa mtoto kwa ule mkanda wa rangi, ukaonyesha kijani, wakamrudisha nyumbani.

Mkanda ule unapima nyama ya mkono. Unaokoa watoto wengi wenye utapiamlo mkali na sitasema neno baya juu yake. Lakini mtoto anaweza kuwa kijani kwenye mkanda na kuwa na mifupa laini. Hakuna anayemtafuta mtoto huyo, na asiyetafutwa hahesabiwi, ndiyo maana katika mikutano yote ya lishe ninayoitwa kuripoti sijasikia hata mara moja neno rashitisimu likitajwa mbele ya waandishi.

Kampeni ya vitamini A na dawa ya minyoo inapita katika maeneo ya afya mara mbili kwa mwaka, kwa watoto wa miezi sita hadi karibu miaka mitano. Wale wa RECO wanagonga mlango kwa mlango, wanamfungua mtoto kinywa, wanakamua matone. Wako tayari ndani ya kiwanja, mtoto yuko mbele yao, mama amesimama hapo. Wafundishwe kushika kifundo cha mkono, kutazama magoti, kuandika jina katika daftari na kumpeleka anayestahili. Kwa kila mtoto inaomba labda nusu dakika.